Babu yangu alikuwa setla wa Thomson's Falls, nitampataje?

Kuna dada wa Nakuru ameniandikia, na nimeona nimjibu kwa urefu manake maswali ya aina hii nayapata sana, hasa kutoka Nakuru, Nyandarua na Laikipia. Anasema nyanya yake mzaa baba alikuwa anafanya kazi jikoni kwa shamba la mzungu karibu na Thomson's Falls, na mwaka kama 1938 akamzaa baba yake. Baba alikuwa mweupe, alichekwa sana utotoni kwa hiyo rangi, na amefariki bila kuambiwa ukweli wowote. Familia inajua tu kwamba mzungu aliitwa Bwana Jimi, alikuwa Mwingereza, na alirudi kwao kabla ya uhuru. Juzi dada amepima DNA, imetoa karibu robo Uingereza, na kwenye orodha ya ndugu kuna mama mmoja wa kule wanashea cM 214 (cM ni kipimo cha kiasi cha DNA watu wanachoshea). Sasa anauliza huyo Bwana Jimi alikuwa nani hasa, alikuja lini, aliishi vipi, amezikwa wapi, na yeye aanzie wapi.

Haya dada yangu, pole kwa baba, na hongera kwa kuamua kutafuta. Nitakuambia vile mimi ningefanya ningekuwa mahali pako.

Kwanza weka hilo jina kando. Najua ndio kitu mmeshikilia miaka yote, lakini Jimi inaweza kuwa James, inaweza kuwa jina la ukoo, inaweza kuwa jina la mzungu aliyekuwa hapo kabla yake na wafanyakazi wakaendelea kuliita shamba lote "kwa Jimi" hata baada ya kuuzwa mara mbili. Ukiingia kwa mtandao ukatafuta James wa Kenya utapata watu wengi mpaka ukate tamaa. Kitu ambacho hakibadiliki ni ardhi. Shamba lilipimwa, likapewa namba ya ploti, ile wanaita L.R. (Land Reference), na namba hiyo ikaandikwa kwa kila karatasi kuanzia mkataba wa kwanza wa mzungu mpaka siku serikali ilipolinunua na kuligawa. Kwa hivyo tafuta shamba kwanza, shamba ndio litakuonyesha mtu.

Na shamba linajulikana na nani? Na watu waliofanya kazi hapo. Enda Nyahururu (hilo jina la Thomson's Falls limebaki kwa maporomoko na hoteli tu siku hizi), uulize wazee, lakini usiulize "mnajua Bwana Jimi?" Uliza nyanya yako alikuwa anateka maji wapi, mto gani, stesheni gani ya gari la moshi ilikuwa karibu, walikuwa wanachuna pareto ama wanakamua ng'ombe, jirani wa kizungu aliitwaje, duka la Mhindi lilikuwa wapi. Mzee atakuambia "hapo siku hizi ni skimu fulani", yaani mashamba ya wazungu yaliyogawiwa wananchi, na hapo umeshapata kitu kikubwa, kwa sababu mashamba mengi ya upande wa Nyandarua yalinunuliwa kwa mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, na kila skimu ina faili zinazoonyesha imetoka kwa mashamba gani, yaani namba zake.

Halafu kuna karatasi moja ambayo watu wanaitupa wakifikiri ni takataka. Kipande. Kuanzia 1919, 1920 hivi, kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kubeba kipande kwa kijikebe cha chuma, na ndani yake kuna jina, kabila, alama za vidole, na kila mzungu aliyemwajiri aliandika jina lake, tarehe ya kuingia kazini, mshahara, tarehe ya kutoka na kutia sahihi. Nyanya hakuwa na kipande kwa sababu wanawake hawakupewa, lakini babake je? Kaka zake? Mume aliyemuoa baadaye? Familia nyingi za maskwota ziliishi shamba moja pamoja kwa sababu sheria ya 1918 ilitaka skwota amfanyie mzungu kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kulima na kuchunga hapo. Kwa hivyo kipande cha mjomba wa baba yako cha miaka ya 30 kinaweza kuwa na jina kamili la yule mtu unamtafuta, limeandikwa na mkono wake mwenyewe. Fungueni masanduku ya zamani huko nyumbani kabla hamjalipa mtu yeyote pesa.

Ukishapata namba ama hata jina la karibu, sasa rudi kwa karatasi za serikali. Kenya Gazette inatoka tangu 1899 na nyingi zimeskaniwa, unaweza kuzisoma bure kwa Google Books, na humo ndani walowezi wamejaa. Notisi za mashamba yaliyogawiwa, orodha za wapiga kura wazungu (uchaguzi wao wa kwanza ulikuwa 1920), watu waliovunja ushirika wa biashara, walioteuliwa kwa kamati za wilaya, na muhimu kabisa notisi za mirathi mtu akifariki. Tafuta kwa jina la mahali pia, andika "Thomson's Falls" pamoja na mwaka, usitafute kwa jina la mtu peke yake, na ujue skani zingine ni mbaya, herufi zinasomeka vibaya na kompyuta, kwa hivyo ukikosa mara ya kwanza jaribu spelingi nyingine.

Usiogope wingi wao. Sensa ya 1931 ilihesabu wazungu chini ya 17,000 kwa koloni lote, watoto na wamishenari na maafisa wakiwemo, na ukitoa wa Nairobi na Mombasa, wale wa eneo la Thomson's Falls ni watu waliokuwa wanajuana wote. Kuna hata hifadhidata ya mtandaoni inaitwa Europeans in East Africa imekusanya maelfu ya majina yao pamoja na vipande vya habari kutoka magazeti, makanisa na makaburi. Ni ya bure. Anzia hapo ukishakuwa na jina la kushuku.

Nairobi kuna Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la benki ya zamani pale Moi Avenue. Omba ripoti za mwaka za wilaya ya Laikipia, pia zile ripoti ambazo DC (mkuu wa wilaya) mmoja alimwachia mwenzake akihama, manake hao maDC waliandika mambo ya masetla kwa majina, nani amefilisika, nani anagombana na maskwota, nani ameuza. Kama una ndugu Marekani, chuo cha Syracuse kule New York kina mikrofilamu za sehemu kubwa ya hizo nyaraka, na saa zingine ni rahisi kusoma huko kuliko kungoja faili Nairobi. Kwa mambo ya namba ya ploti yenyewe ni Ardhi House, na ramani za zamani ni Survey of Kenya pale Ruaraka. Hapo enda na subira.

Sasa nikuonye juu ya kitu kimoja ambacho kimepotosha familia nyingi. Mwenye shamba kwa karatasi si lazima awe ndiye baba ya mtoto. Mashamba mengi yalikuwa na mameneja, vijana wa kizungu walioajiriwa kwa mwaka mmoja ama miwili kabla ya kupata lao, na wenye mashamba wengine waliishi Nairobi ama hata Uingereza. Kulikuwa na majirani, wageni wa wikendi, kaka wa bwana aliyekuja kutembea. Tena usichukulie kwamba ni Mwingereza kwa sababu tu watu wanasema hivyo, kulikuwa na Waskoti, Wairishi, na Makaburu waliokuja toka Afrika Kusini, kundi kubwa likiwa la 1908 lililoenda Uasin Gishu, na wengine wao walisambaa. Waitaliano unaweza kuwatoa, manake wafungwa wa vita waliletwa Kenya kuanzia 1941 na baba yako umesema ni 1938. Lakini hiyo 1938 yenyewe umeitoa wapi? Watoto wa Kiafrika wakati huo hawakuandikishwa, kwa hivyo mwaka wa kwa kitambulisho mara nyingi ulikadiriwa na karani. Uliza wazee alitahiriwa na riika gani (kundi la waliotahiriwa pamoja), riika lina jina na jina lina mwaka wake, halafu uhesabu kurudi nyuma. Kama alibatizwa mtoto pia uliza kanisa, Wakatoliki wa Consolata walifika Kenya 1902, wakawa na misheni upande wa Nyeri, na walitunza vitabu vizuri. Ukikosea miaka minne tu utamlaumu mzungu ambaye wakati huo hata hakuwa amefika nchini.

Ndio maana nafurahi umepima DNA, kwa sababu DNA haijali nani alikuwa na hati ya shamba.

Wewe ukiwa mjukuu unabeba karibu robo ya huyo mzungu, na hiyo robo Uingereza inalingana na hadithi ya nyanya. Hongera, hapo hakuna porojo. Ila usiiamini sana ile ramani ya rangi rangi ya makabila, haitenganishi vizuri Mwingereza na Mholanzi ama Mjerumani wa kaskazini. Angalia watu. Huyo mama wa cM 214 ni wa karibu kabisa, si wa kuachwa hivi hivi. Kwa kiwango hicho kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, yeye ni mjukuu wa kaka ama dada ya Bwana Jimi, yaani nyinyi wawili mnakutana kwa wazazi wa Jimi, na wastani wa undugu huo ni kama cM 230. Ya pili, Jimi mwenyewe alikuwa na watoto wengine huko, na huyo mama ni kitukuu chake kupitia mke wake, wastani wake karibu uleule. Utatofautisha kwa umri kwanza, akiwa mtu wa umri wako, ile njia ya kwanza inawezekana zaidi, akiwa kijana sana fikiria ya pili. Halafu fungua ile sehemu ya ndugu mnaoshea naye, andika majina ya ukoo yanayojirudia kwa miti yao, na uone ni familia gani na kijiji gani wanakutania.

Na una kaka? Hujasema. Kama kuna mtoto yeyote wa kiume wa baba yako aliye hai, huyo ana kromosomu Y ya Bwana Jimi bila kuchanganyika, kwa sababu hiyo inapita baba kwa mwana peke yake. Waingereza wanarithi jina la ukoo kwa njia hiyohiyo, kwa hivyo kipimo cha Y kwa FamilyTreeDNA kinaweza kukutolea jina la ukoo moja kwa moja, wanaume watatu ama wanne wenye jina moja wamekaa juu ya orodha. Haitokei kila mara, watoto wa nje wako kila mahali hata Uingereza, lakini mimi kwa kesi kama yako hicho ndicho kipimo ningelipia kwanza. Hayo matokeo yako ya sasa pia yapeleke kwa tovuti ya GEDmatch, hiyo inafanyika bila kutema mate tena, na utapata ndugu ambao hawako kwa kampuni uliyotumia.

Tuseme sasa una jina. Maisha yake utayapata vizuri kuliko unavyofikiri, manake Mwingereza wa wakati huo aliandikwa kila mahali.

Kuzaliwa kwake kutakuwa kwa rejista ya serikali, Uingereza na Wales wanaandikisha tangu 1837, na sensa zao ziko wazi mpaka ya 1921 (ya 1931 iliungua moto, usiitafute). Hapo utaona nyumba aliyokulia, kazi ya babake, kama kulikuwa na watumishi, ndugu zake wote kwa umri. Usipite haraka hapo kwa ndugu, ndio hao ambao wajukuu wao wanatokea kwa orodha yako ya DNA.

Kuja kwake tafuta kwa orodha za abiria. Zile za kutoka bandari za Uingereza ni za 1890 mpaka 1960, za kurudi ni 1878 mpaka 1960, asili ziko Nyaraka za Kitaifa za Uingereza pale Kew, London, na nakala ziko kwa tovuti za Ancestry na Findmypast. Watu wengi wanatafuta safari ya kwanza tu, halafu wanaridhika. Mimi nakuambia zile tamu ni za likizo. Setla aliyeshika pesa kidogo alirudi kwao kila baada ya miaka kadhaa, akapanda meli ya Union-Castle ama British India pale Kilindini, na afisa wa bandari upande wa pili akaandika mstari mmoja: jina, umri, kazi "farmer", nchi anayoishi "Kenya", na anwani atakayofikia Uingereza. Hiyo anwani mara nyingi ni nyumba ya mamake ama dadake. Mstari mmoja tu unamuunganisha mtu wa Thomson's Falls na mtaa fulani wa kule, na ukiipata safari ya pili na ya tatu utaona umri unapanda, pengine amerudi na mke, pengine na mtoto. Na hapo pia unampima na mwaka wa baba yako, kama alikuwa likizoni Uingereza miezi ile nyanya alishika mimba, mtoe kwa orodha. Lakini ukimkosa usiseme hakusafiri, wengine walichukua treni mpaka Marseille wakapandia meli huko, na hao hawaonekani kwa karatasi za Waingereza.

Kama alizaliwa kati ya 1880 na 1899 hivi, angalia kama alikuwa mwanajeshi. Baada ya vita ya kwanza serikali ilileta maafisa na askari wastaafu kwa mpango wa 1919, mashamba yakagawiwa kwa kura, na wengi wao walipangiwa huko juu Laikipia na Nanyuki na Trans Nzoia. Kadi za medali za vita hiyo zinasomeka mtandaoni. Faili zenyewe za askari wa kawaida nyingi ziliungua kwa bomu 1940, za maafisa zimebaki kiasi, kwa hivyo kama wazee walimwita Kapteni ama Meja, hilo jina la cheo lina faida kubwa kwako.

Na ukisoma hayo usisahau kwamba ile ardhi ya Laikipia haikuwa tupu ikingoja mtu wa kura. Wamaasai walihamishwa hapo kwa mkataba wa 1911, wakasukumwa kusini na mifugo yao mpaka 1913, na 1915 sheria ikawapa masetla mikataba ya miaka 999. Nyanya yako alikuta mpango umeshapangwa hivyo. Nakuambia hivi kwa sababu utakapopata barua ama ripoti zinazomsifu babu yako kuwa mkulima hodari utahitaji kuzisoma ukijua nani alikuwa analima kweli, na pia kwa sababu ya lile jambo ambalo hukuuliza lakini naliona kati ya mistari yako. Hatujui kama nyanya alikubali. Msichana wa jikoni ambaye babake angefukuzwa shambani na mbuzi wake kesho yake hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Inawezekana kulikuwa na mapenzi, zipo kesi nimeziona mzungu alilipa karo na akaacha ng'ombe, na inawezekana hakukuwa na chochote cha mapenzi. Karatasi hazitakuambia. Kama kuna shangazi ama jirani wa nyanya aliye hai, enda ukae naye sasa, peke yako, bila simu ya kurekodi mara ya kwanza, kabla hujakimbilia London.

Mwisho wake ni rahisi kiasi. Walioacha mali Uingereza wako kwa orodha ya mirathi ya kitaifa kuanzia 1858, inasema alifariki lini na wapi na nani alisimamia mali, hata kama alifia Kenya. Wengine waliondoka miaka ya 60 wakaenda Afrika Kusini, Rhodesia ama Australia, kwa hivyo usikwame Uingereza. Wengine hawakuondoka kabisa. Familia inaweza kusema "alirudi kwao" na mtu amezikwa Nakuru ama Nyeri, ama chini ya mti kwa shamba lenyewe, kwa hivyo wazee wakikuonyesha shamba waulize kama kuna kaburi la mzungu hapo.

Kuhusu huyo mama wa cM 214, usimwandikie leo. Ngoja upate jina la shamba na miaka, halafu umwandikie ujumbe mfupi. Mwambie wewe ni nani, uko Nakuru, DNA inaonyesha mna mababu wa karibu, na unafikiri ni kupitia mtu wa familia yao aliyekuwa Kenya miaka ya 30, je anajua mjomba ama babu aliyekuja huku? Usitaje nyanya alikuwa jikoni, usitaje neno mtoto wa nje, usiseme chochote kinachofanana na pesa ama urithi, hayo yatakuja yenyewe mkishazoeana. Mwachie nafasi ya kutojibu. Wengine wanajibu baada ya mwaka, na picha ya mtu amesimama mbele ya nyumba ya mabati na mbwa wawili, na nyuma ya picha kumeandikwa jina la shamba.

Ukienda Nyahururu niletee jina la skimu na jina la mto, na kama kipande cha mjomba kitapatikana kipige picha pande zote, hata pale wino umefifia, unitumie kabla hujakisafisha.